Ngozi Isiyo na Tundu

4 Februari

Mdogo wangu Wembe,

Huyo aliyeshuka kwenye lori la ngozi na kukupa karatasi hii ni binti yangu. Tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, utauona mwenyewe. Ana miaka kumi na minne, shule ya msingi amemaliza, na tangu mama yake afariki ananifuata kama kivuli. Nimeamua aje kwenu.

Nisikuzungushe. Nataka baba yetu, Mzee, amwangalie mkono.

Unajua nilivyofukuzwa pale. Nilisimama katikati ya sakafu ya machinjio, wachunaji wote wakisikiliza, ngozi niliyoitoboa imetandazwa miguuni pangu, na Mzee akasema, "Huyu hana mkono. Mkono haufundishwi, mtu huzaliwa nao." Akakupa wewe kisu changu. Ulikuwa mdogo hata aproni uliiburuta chini. Siku hiyohiyo wakanibandika jina la Matundu, na najua mpaka leo huko sina jina lingine.

Huku mimi ni mkuu wa wachunaji. Nimefika hapo kwa jasho. Nilitoboa, nikafukuzwa, nikarudi, nikatoboa tena. Dume mmoja ambaye hakuwa amekufa sawasawa alinivunja mbavu kwa teke moja, nikaendelea kuchuna nimejifunga kitambaa kifuani. Leo natoa ngozi nzuri. Lakini lori linalobeba ngozi zangu ndilo linalobeba zako, na nikizipekua nazijua zako bila kuuliza. Siku hiyo huwa sisemi na mtu.

Basi nataka kujua jambo moja kabla sijazeeka. Je, ule mkono ulinikosa mimi ukamwangukia huyu? Mzee ataona. Jicho lake halijawahi kukosea.

Kaka yako,
Matundu (cheka, lakini usimcheke mtoto)


19 Februari

Kaka,

Sindano amefika mzima. Dereva anasema binti aliongea njia nzima na safari ijayo atamtoza nauli ya watu wawili.

Mzee alimkagua kama anavyokagua ng'ombe mnadani: meno, mabega, viganja. Akasema, "Vidole virefu." Mtoto akamjibu, "Vyako vinene, Babu, unavipenyezaje chini ya ngozi?" Nilishika fremu ya mlango nikingoja kofi. Mzee akacheka. Nakwambia alicheka, na kicheko hicho kimenitia hofu kuliko kofi lenyewe.

Kaka, mwite mtoto arudi. Sema nyumba haina mtu, sema umeugua, sema chochote kinachokuja mdomoni. Kazi hii anaweza kuijua hapohapo kwako. Si unasema wewe ni mkuu wa wachunaji? Fundi gani anampeleka mwanawe akafundwe kwingine?

Mzee hajapungua ukali. Juzi mpagazi aliangusha nusu ya ng'ombe kwenye maji machafu. Mzee alimshika kola, akampiga kichwa mara moja tu. Tulimwokotea meno mawili kwenye mfereji, katikati ya kwato. Leo yuko kazini, anacheka na wenzake kwa pengo, na asubuhi alikwenda kumwomba Mzee radhi. Ndivyo tulivyo hapa, anayepigwa ndiye anayeomba msamaha.

Mwite, tafadhali.

Mdogo wako,
Wembe


2 Machi

Wembe,

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu. Fundi gani anampeleka mwanawe kwingine? Fundi anayejua kiwango chake. Mimi najua namna ya kuchuna. Mzee anajua nani ni mchunaji. Hayo ni mambo mawili.

Na unanitisha kwa meno ya mpagazi? Umesahau nafanya kazi wapi? Wiki iliyopita wachunaji wangu wawili waligombea kinoo. Kinoo tu! Visu vikatoka, nikaingia katikati. Sasa nina mshono kuanzia kiganja hadi kiwiko. Aliyenikata alilia kuliko mimi. Nilimpokonya kisu, nikamkalisha juu ya ndoo, nikammalizia ng'ombe wake huku damu yangu ikidondokea sakafuni. Vijana wananisema mimi mpole, eti sijui kupiga mtu. Waache waseme.

Ngoja nikwambie kinachoniuma. Wewe Mzee alikuamsha alfajiri, kabla wachunaji hawajaingia, mkaenda wawili kwenye chumba cha chumvi mkafunga mlango. Kila siku. Mimi nilibaki kitandani nikisikiliza viatu vyenu vikipita uani. Mimi aliniamsha mara moja tu maishani. Nikatoboa ngozi, akanigonga vidole, nami nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Hakuniamsha tena. Hakunipiga tena hata kibao. Nilielewa: mtu hapotezi kofi kwa mtoto ambaye hamtarajii kitu. Ningetoa meno yangu yote, si mawili, ili mimi ndiye nifungiwe mle ndani naye.

Kwa hiyo Sindano abaki. Na Mzee akianza kumwamsha alfajiri, niandikie upesi, ndiyo habari ninayoingoja.

Kaka yako,
Matundu


20 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, Babu mzima, Baba mdogo mzima ila anakula akiangalia sahani.

Samahani kwa mwandiko. Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Babu anasema mchunaji hasa hutumia mikono yote miwili, kwa hiyo nautumia wa kushoto kwa kila kitu, kijiko, mswaki, kila kitu. Babu amesimama hapa nyuma yangu, anasema nikuambie kwamba ananiamsha alfajiri. Basi nakuambia. Ananiamsha alfajiri.

Tunaanza na mbuzi. Chumba cha chumvi kina dirisha moja dogo, liko juu. Kuna pipa la chumvi linanifika kifuani. Mlango una komeo la ndani. Babu anasema kelele za nje zinaharibu mkono.

Baba, wewe ulichukua muda gani kujua? Babu anasema aliyezaliwa nao hachukui muda. Ukiweza nijibu upesi.

Mwanao,
Sindano


5 Aprili

Mwanangu,

Kalamu si kazi yangu, sitakuchosha. Ndani ya furushi hili kuna ngozi ya mbuzi. Mtoto wako ameichuna peke yake. Nilikwenda mnadani nikamwachia kazi, niliporudi nikaikuta imetandazwa. Ielekeze kwenye mwanga uone.

Nimeishi na visu maisha yangu yote na nimeona mikono miwili tu ya kuzaliwa, wangu na wa mdogo wako. Huu ni wa tatu. Nilikwambia wewe huna. Labda ulikuwa nao, umelala.

Tarehe thelathini Mei wanakuja wanunuzi wa ngozi, kama kila mwaka. Atachuna dume zima mbele yao. Wao hujisifia watoto waliosoma. Mimi nitawaonyesha huyu.

Baba yako


11 Aprili

Wembe, Wembe, Wembe!

Niliipeleka ile ngozi dirishani, nikaielekeza kwenye jua, nikaanza kutafuta. Mgongoni, kwapani, tumboni pale inapokuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Hakuna tundu. Hakuna hata mkwaruzo. Nimewaita vijana wote waje waone, wakaniuliza kwa nini nalia, nikawaambia ni chumvi imeingia machoni.

Sasa sikiliza hili. Kwenye goti la mguu wa nyuma, pale ambapo wachunaji wote tunakata moja kwa moja, yeye amekizungusha kisu kwa nje, akaacha kipinde kidogo kama ukucha. Hicho ni chako! Hakuna mwingine anayekata hivyo, miaka yote naziona ngozi zako. Nani amemfundisha? Mzee mwenyewe anasema mtoto alikuwa peke yake. Ni damu, ndugu yangu. Ilitoka kwa Mzee ikakaa kwako, ikapita kwangu bila hata kubisha hodi, ikaenda kwake.

Mzee ameniandikia "mwanangu". Barua nimeiweka mfukoni, naigusa kila baada ya ng'ombe mmoja.

Mwambie Sindano asiogope hiyo tarehe thelathini. Aliyezaliwa nao anaogopa nini?

Kaka yako


23 Aprili

Kaka,

Kaa chini kwanza. Ile ngozi niliichuna mimi.

Kipinde ulichokiona ni changu kwa sababu kisu kilikuwa changu na mkono ulikuwa wangu. Uliishika kazi yangu, ukaitambua, kisha ukaiita damu.

Ilikuwa hivi. Mzee alimwachia mbuzi, akasema akirudi ataielekeza ngozi kwenye mwanga. Mtoto hakuweza kukunja vidole. Kile cha kati kilikuwa cheusi hadi kwenye ukucha. Nikamwambia alale kidogo pale kwenye magunia, nikamchunia. Nilidhani namwondolea kipigo cha siku moja. Sikujua kwamba Mzee ataifunga kamba akutumie, wala kwamba nimemfunga mtoto hapa kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa nikwambie kuhusu chumba cha chumvi, ulichokuwa unakililia. Mzee anaielekeza ngozi kwenye lile dirisha. Kila mahali mwanga unapopenya, pigo moja la chuma cha kunolea juu ya vifundo vya vidole. Kisha mkono uliopasuka unazamishwa kwenye pipa, na yeye anakushika kiwiko usiutoe mpaka uache kupiga kelele. Kisha mnyama mwingine. Wachunaji wakiingia kazini anakutoa nje, mkono umeuficha ndani ya aproni, anawaambia, "Mtazameni huyu, amezaliwa nao." Mtoto aliyepigwa mpaka akajua, huyo ni punda tu. Mtoto anayejua bila kufundishwa ni sifa ya baba yake. Ndiyo maana aliniita wa kuzaliwa, na mimi nikanyamaza, kwa sababu wa kuzaliwa angalau watu walimheshimu.

Wewe ulimng'ata. Aliporudi siku ile na kitambaa mkononi akasema huna mkono. Kaka, ulichokosa ni woga. Mkono unao. Umeutafuta mwenyewe mpaka ukaupata, na hakuna aliyekushika kiwiko.

Sindano hang'ati. Anajaribu kumchekesha. Na ile barua aliandika kwa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umevimba hauingii hata mfukoni.

Njoo umchukue kabla ya tarehe thelathini. Dume zima hataliweza, na mbele ya wanunuzi siwezi kumchunia. Ningemtoa mwenyewe, lakini dereva hambebi mtu bila neno la Mzee, na mimi, nakwambia ukweli, Mzee akinitazama bado miguu yangu haisogei.

Wembe


6 Mei

Wembe,

Nilijua siku moja utaonyesha rangi yako.

Miaka yote umekuwa peke yako mwenye mkono. Unapita, watu wanakupisha. Sasa ametokea wa pili, ni wa kwangu, wa Matundu, na roho inakuuma mpaka umeshindwa kuficha. Umechukua kazi ya mtoto ukasema ni yako! Hata mwizi wa sokoni ana haya kuliko wewe.

Eti vipigo. Kama vipigo vingetengeneza fundi, wapagazi wote wa hapo wangekuwa mafundi. Nina kijana hapa alipigwa na baba yake mpaka sikio moja likaziba, na bado hajui kushika kisu. Mzee ni mkali, sawa, nani hajui. Lakini ukali na mkono ni vitu viwili.

Na kama ni kweli, mbona hukuniambia? Tulilala kitanda kimoja, mguu wako ubavuni kwangu. Ulishindwa kusema neno moja?

Nikisikia umemjaza mtoto wangu maneno haya, nitapanda lori. Nitakuvunja taya upande mmoja, nikupe muda wa kuomba radhi, halafu nivunje wa pili. Nitakuchuna ungali hai, na safari hii sitatoboa.

Sindano atachuna dume. Sitakuja kumchukua. Nitakuja mwakani kumpongeza.

Kaka yako, kama neno hilo bado unalitaka


2 Juni

Kaka,

Sindano yuko mbele yako. Kabla hujaendelea kusoma, mtazame. Mkono wa kulia umefungwa na daktari, vidole viwili vimevunjika, vitaunga. Hiyo ni kazi ya Babu yake. Mdomo wake uliopasuka ni kazi yangu. Usimuulize yeye, nitakwambia mimi.

Wanunuzi walikuja asubuhi, wakaketi kwenye benchi lao, miguu wameikunja wasichafue viatu. Mzee alivaa aproni mpya. Dume lilikuwa limeshaning'inizwa kwenye kulabu, bado linafuka mvuke. Sindano alipanda juu ya kreti ili afike. Ngozi ya miguu ya dume aliipasua vizuri, na nasema hivyo kama mchunaji. Ubavuni akaibandua ngozi kwa ngumi, polepole, vizuri. Alipofika tumboni vidole vikagoma na kisu kikapenya. Tundu la kupitisha kidole. Akaogopa, likaja la pili, kisha mpasuko mrefu kama mkono wangu. Mnunuzi mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Ndiye huyu wa kuzaliwa?" Wenzake wakaangalia chini wakitabasamu.

Mzee naye akatabasamu. Akamshusha kwa kumkamata shingo, akaenda naye chumba cha chumvi. Tukasikia komeo.

Nilisimama. Sakafu nzima ilisimama, wachunaji, wapagazi, yule mwenye pengo. Nikasikia pigo la kwanza. Nikajua sauti yake, nikajua kinachofuata, na mwili wangu ukajikunja wenyewe. Mkono wangu ukaingia ndani ya aproni. Mtu mzima, mbele za watu, nikauficha mkono! Kisha likaja la pili, kitu kikakatika kama kijiti, na mtoto akaita. Hakuniita mimi. Aliita, "Baba!"

Mlango niliuvunja kwa bega. Nikampokonya Mzee chuma. Alinitemea mate akasema, "Leo ndiyo umekuwa mwanamume?" Nikaushika mkono wake wa kulia, nikaulaza ukingoni mwa pipa, nikapiga. Nilikwenda kifundo kwa kifundo, nikianzia kidole kidogo. Akapiga magoti, sikumwachia. Akaacha kutukana, sikumwachia. Akaanza kuniita kwa jina la kudekeza aliloniitia nikiwa mtoto mchanga, hapo ndipo nikaongeza. Nikauzamisha ule mkono kwenye chumvi, nikamshika kiwiko, chumvi ikageuka nyekundu, na nikamsikia mtu anacheka. Alikuwa mimi.

Sindano akanirukia, akaning'inia mkononi kwangu kwa ule mkono wake mzima. Nikamtupa. Sikugeuka hata kuona namtupa nani. Aligonga ukuta kwa mdomo. Akarudi, damu ikimchuruzika kidevuni, akaning'inia tena, akisema, "Basi, Baba mdogo, basi." Nilimwona wakati huo. Ndipo nikaacha, na si kwa sababu nilichoka, nataka ulijue hilo.

Mzee yuko hai. Hospitali aliwaambia mkono ulinaswa na mnyororo wa kulabu, na wachunaji wote waliokuwepo wakaitikia kwa kichwa. Vidole vyake havitakunja tena. Amri za lori sasa natoa mimi, ndiyo maana mtoto yuko kwako.

Kuchuna kulinichukua utoto wangu wote, na mpaka leo kila ngozi naitetemekea. Kazi hii ya chumba cha chumvi niliifanya mara moja, na kila pigo lilitua pale nilipotaka. Kama kuna kitu nilizaliwa nacho, nafikiri ni hicho. Mweke mbali nami.

Wembe


28 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto tena, ila sasa nimezoea, ona mwandiko. Mdomo umepona. Umebaki alama ndogo. Jirani yetu anasema inanipendeza, muongo mkubwa.

Baba aliisoma barua yako amesimama. Kisha akatoka uani akapiga ukuta kwa ngumi mpaka jirani akaja kuuliza kama tunabomoa. Siku kadhaa hakwenda kazini. Alipokwenda akatoboa ngozi, akarudi kuniambia, "Leo nimetoboa," kama mtu anayesema leo kuna jua, halafu akanikumbatia mpaka nikashindwa kupumua, akalia sana. Mara anasema atakuja huko akupigie magoti. Mara anasema atakuja kummalizia Babu. Bado hajachagua, kwa hiyo nimeficha viatu vyake.

Baba mdogo, nina jambo. Tangu nilipokuja kwenu kila mtu alikuwa anatafuta kama ninao au sinao. Babu, Baba, hata wewe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naipenda kazi yenyewe. Naipenda. Najua mtasema nimerukwa na akili. Hata mle ndani, kabla Babu hajaielekeza ngozi dirishani, kulikuwa na muda ngumi inaingia kati ya ngozi na nyama, kuna joto, ngozi inaachia yenyewe, na mimi sikumbuki kitu kingine chochote. Nilitamani tu muda ule uongezeke. Siku ya yule mbuzi uliniambia nilale kwenye magunia. Sikulala. Nilikutazama mwanzo mpaka mwisho na nikasahau vidole vinauma.

Baba amesema sitagusa kisu tena. Nimemwambia nitagusa. Lakini nataka kufundishwa na aliye bora, na aliye bora ni wewe, hata Baba anasema. Vidole vikishaunga, nije? Usinibembeleze, nijibu kweli. Unaweza kunifundisha bila kunipiga?

Mwanao,
Sindano


15 Julai

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Umeuliza kweli, nitajibu kweli.

Babu yako sasa namlisha mimi, mkono wa kushoto umemshinda na yeye hana subira kama yako. Jana asubuhi nilimshikia kikombe, akavuta funda kubwa, akanitemea chai yote usoni, makusudi, akinitazama. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kabla sijajua. Ukabaki juu. Yeye akafumba macho akangoja. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka chai ikanikaukia usoni, na hata sasa sijui ni kitu gani kiliuzuia ule mkono.

Unasema mimi ndiye bora. Mimi nachuna vizuri kwa sababu naogopa. Huo muda unaousema, wa ngumi na joto, nimeisoma barua yako mara nyingi nikijaribu kuukumbuka, sina. Sijawahi kuwa nao hata siku moja. Baba yako anao. Alikosea akaanza upya, akakosea tena, na hapakuwa na mtu amemsimamia na chuma. Yeye huzipekua ngozi zangu kwenye lori, nami huzipekua zake, hili sijawahi kumwambia. Zake zina makosa hapa na pale, lakini hakuna mahali mkono ulipotetemeka. Huyo ndiye wa kukufundisha. Mng'ang'anie. Akikataa, mchekeshe. Akikataa tena, mng'ate.

Kuhusu swali lako. Labda kutopiga mtu nako ni kazi ya kujifunza, kwa kukosea na kurudia, kama kuchuna. Sijui kama nitaiweza, mwanangu. Nitajaribu hapa, na Babu yako. Lakini sitajifunzia kwako.

Baba yako mdogo